Mwanachuo na Chumba cha Uswahilini



Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, utawaona vijana wenye mabegi wakimfuata dalali katika vichochoro vya Sinza, Msewe na Changanyikeni. Wenzao wa Chang'ombe huzunguka Keko na Tandika. Wanatafuta chumba. Juma hili nimeonelea tutazame jinsi kazi ya kumlaza mwanachuo ilivyotoka mikononi mwa chuo ikaangukia kwa mwenye nyumba wa uswahilini.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kiliazima jengo la TANU pale Lumumba, kikiwa na kundi dogo tu la wanafunzi wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya mji. Kule kilipangwa kama kijiji kinachojitosheleza: mwanafunzi alale humo, ale humo, asome humo, na serikali ilipe. Habari ya kodi ya chumba haikumhusu.

Huku bondeni nako mji ulikuwa ukijengwa. Nyumba ya Kiswahili tunaijua sote: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani jiko, bafu na choo. Ni nyumba iliyozaliwa na upangishaji ndani yake, kwani mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki humlipia sabuni na ada za watoto. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaingiza barabara na maji. Manzese iliboreshwa badala ya kubomolewa, na awamu iliyofuata ikagusa Mtoni na Tandika. Viwanja vile vilikusudiwa wananchi wa kipato cha chini, ingawa si vichache vilivyoishia kwa wenye uwezo. Sidhani kama kuna aliyemfikiria mwanachuo wakati ule.

Mwanachuo alifika baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama, na idadi ya wanafunzi ikazidi kupanda kuliko vitanda. Mlimani wakaanza kulala wawili kitanda kimoja, jambo walilolipa jina lao wenyewe: kubebana. Aliyekosa wa kumbeba alishuka mlima kutafuta chumba.

Mwaka wa kuukumbuka zaidi ni 2005. Julai mwaka huo Bodi ya Mikopo ilianza kazi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilianzishwa Chang'ombe, wilayani Temeke. Na mwaka huohuo ilifutwa Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984, ambayo angalau ilimpa mpangaji baraza la kupeleka malalamiko. Si kwamba mpangaji wa chumba kimoja alikuwa akikimbilia barazani kila siku; wengi hata hawakujua liliko. Lakini ndivyo ilivyotokea: kijana alipewa fedha za kupangia katika mwaka uleule ulioondoa udhibiti wa kodi.

Serikali haikulala moja kwa moja. Hosteli ya Mabibo ilijengwa, na Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua mabweni mapya Mlimani, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840. Ni kazi kubwa, na bado msafara wa madalali haujakatika.

Tatizo lenyewe, ndugu msikilizaji, ni kalenda. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita "boom", ilipanda mwaka wa masomo 2022/23 kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku, lakini huja kwa awamu. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima, na dalali naye anangoja ya mwezi mmoja. Nani atoe tofauti hiyo? Ni mzazi wa Sumbawanga au Newala, aliyeuza mbuzi au korosho. Asiye na cha kuuza, mwanawe huomba hifadhi kwa shangazi wa Mbagala na kuamka alfajiri kugombea daladala.

Simlaumu mwenye nyumba. Naye ana chumba kimoja cha kumtoa mwaka. Nashangaa tu kwamba chuo humwandikia mwanafunzi barua ya kumwambia nafasi ya bweni haipo, kisha kikamwachia dalali mengine yote. Hivi ni shida gani kuweka pale ofisini daftari la vyumba vya jirani, na kukaa na wenye nyumba wakubali kupokea kodi boom inapotoka?