Sauti Mbili Kwenye Tarakimu Moja

Hebu bonyeza 5 kwenye simu ya vitufe, msomaji. Pii! Umesikia sauti moja, sivyo? Kumbe ni mbili zinazolia pamoja: mitetemo 770 na mitetemo 1336 kwa sekunde.

Simu hizo zilianza kuuzwa Novemba 18, 1963, Carnegie na Greensburg, huko Pennsylvania, Marekani. Wahandisi wa Bell waliziweka sauti mbili makusudi, wakihofia midomo yetu: sauti moja, mtu angeweza kuiiga kwa mluzi. Na hofu yenyewe si ya bure jamani. Laini za masafa marefu zilitegemea sauti moja tu, 2600. Joe Engressia, kipofu, aliigundua akiwa na miaka 7, akawa anapiga mluzi na simu zinakwenda bure. Mwaka 1971 wakamkamata.

Mwaka 1999, Pittsburgh, jirani kabisa na Carnegie, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg walianza programu ya Audacity. Unaandika namba, unachagua muda, sauti zinatoka. Hukamatwi.

Juzi niliandika namba yetu ya zamani, simu iliyokwishakatwa. Mama akauliza toka jikoni, "We, unampigia nani nyumbani?"