Bunge la Walowezi na Nauli ya Mahindi

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, serikali ya Uingereza ilikuwa imekwishatumia zaidi ya pauni milioni 5, na ilitaka treni zipate mizigo. Ikaamua kuwaleta walowezi nyanda za juu za Kenya. Mmoja wao, Lord Delamere, alipewa ekari 100,000 kule Njoro. Wamaasai waliochunga Bonde la Ufa walihamishwa mwaka 1904, kisha wa Laikipia mwaka 1911.

Walowezi walikuwa wachache mno, lakini walijipanga. Vyama vyao vya wilaya viliungana katika baraza lililojulikana kama Bunge la Walowezi, na maofisa wa serikali walikwenda humo kujibu hoja. Mwafrika hakuwa na pa kusemea. Harry Thuku, mwanaharakati Mwafrika, alipojaribu, alikamatwa mwaka 1922, na waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi.

Mwaka huohuo kamati ya serikali chini ya Charles Bowring ilikuwa ikitafuta namna ya kuinua uchumi uliodorora. Ilipendekeza mahindi yanayokwenda nje yatozwe nauli ndogo sana ya reli, na ngano ya mlowezi ilindwe kwa ushuru. Reli hailishwi na hewa. Pengo lilizibwa na nauli kubwa za bidhaa nyingine: pamba ya wakulima wa Uganda, na mablanketi na vitambaa alivyonunua mwanakijiji ambaye tayari alitoa kodi ya nyumba. Waganda walilalamika, na walikuwa na haki.

Kwenye takwimu, mahindi yalipaa. Njia mpya ya reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na matawi yakapelekwa Solai na Thomson's Falls, katikati ya mashamba ya walowezi. Mimi siuoni huo kuwa ukuaji wa kujivunia, kwa sababu mtaji ulifuata sauti kubwa, haukufuata udongo wala mikono iliyoweza kuzalisha kwa gharama ndogo. Bei ziliposhuka duniani baada ya 1929, mashamba mengi yakaelemewa na madeni, na mwaka 1931 serikali ikaanzisha benki ya ardhi kuyakopesha.

Kahawa ndiyo iliyofichua hasara yenyewe. Kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kuipanda, kwa kisingizio cha magonjwa na wizi, ilhali walowezi walihofia pia kukosa vibarua. Katika miaka ya 1930 ikaruhusiwa kidogo tu, Meru, Embu na Kisii. Mpango wa kilimo wa serikali, ulioandikwa na Roger Swynnerton mwaka 1954, ulipofungua mlango, miche ikasambaa haraka vijijini, kwenye vishamba vya ekari chache, milimani palepale.