Kelele za Mshtarii

Wasikilizaji wetu, jioni ng'ombe wakiisha kuingia zizini, mtu asimamaye uwanjani hapa Issenye, katika wilaya ya Serengeti, huiona mbingu yote pasipo taa za mji kumzuia. Katika miezi mingine ya mwaka huona nyota moja kubwa, nyeupe, isiyometameta kama wenzake. Hiyo si nyota bali ni sayari, nayo ni Mshtarii.

Sisi walimu twapenda kuanza na jina hilo, kwa kuwa wanafunzi wengi huzijua sayari kwa majina ya Kizungu tu, wakadhani elimu hii ni mali ya wageni. Kumbe Mshtarii na Zohali ni majina yaliyotoka katika Kiarabu, yakapokewa na watu wa pwani waliosoma falaki. Leo twataka kueleza jinsi ilivyojulikana kwamba Mshtarii ina sumaku, nanyi mtaona ni kazi ya subira kuliko ya fahari.

Mwaka 1610 Galileo Galilei wa Italia aliielekeza darubini yake kwa Mshtarii, akaona vinyota kando yake. Usiku baada ya usiku alichora mahali pa kila kimoja, hata akatambua kuwa ni miezi minne inayoizunguka sayari ile. Leo miezi hiyo yaitwa Io, Europa, Ganymede na Callisto. Darubini yake ilikuwa dhaifu, lakini desturi yake ya kuandika ilikuwa imara.

Ikapita miaka 345. Mwaka 1955 wataalamu wawili wa Marekani, Bernard Burke na Kenneth Franklin, walitandaza nyaya katika shamba karibu na Washington, wapate kusikiliza mawimbi ya redio yatokayo mbinguni. Mara kwa mara kelele fupi ilitokea katika karatasi zao. Kwanza walidhani ni motokaa ya mtu wa shamba arudiye kwake usiku. Lakini kelele ile iliwahi kwa dakika 4 hivi kila siku, kama nyota ziwahivyo kuchomoza, na hakuna motokaa iendayo kwa saa ya nyota. Walipotazama vitabu vya falaki wakaona ya kuwa mahali pale mbinguni palikuwa na Mshtarii.

Ndipo mtaalamu wa Australia, Alex Shain, alipozifunua karatasi zake za mwaka 1950 na 1951. Kelele za Mshtarii zilikuwamo! Chombo kilikuwa kimeziandika kwa uaminifu, lakini watu walizidhania kuwa takataka za redio, wakazipita.

Je, kelele hizo zatoka wapi? Mshtarii ni pana kuliko dunia yetu mara 11, nayo hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10. Ndani yake gesi ya haidrojeni hugandamizwa sana hata ikapitisha umeme kama madini. Mzunguko wa umeme huo huzaa sumaku, na jumla ya nguvu zake ni kama mara 20,000 ya sumaku ya dunia, ile igeuzayo sindano ya dira ya nahodha. Chembe za umeme zikikimbizwa na sumaku hiyo hutoa mawimbi ya redio. Hata leo, kwa redio ya mawimbi mafupi na waya uliotundikwa vema, kelele hizo husikika kama bahari ivunjikayo ufukoni.

Mwaka 1964 Keith Bigg alionyesha kwamba kelele huzidi mwezi Io ufikapo mahali fulani. Mwaka 1979 chombo Voyager 1 kiliona katika Io milima itoayo moto, kama Oldoinyo Lengai yetu. Gesi zake hunaswa na sumaku ya Mshtarii, na umeme hupita kati ya sayari na mwezi wake.

Tena, sumaku hiyo imetumika kutafuta maji. Chombo kilichoitwa kwa jina la Galileo, kilichofika Mshtarii mwaka 1995, kilipima sumaku karibu na Europa, kikaona inabadilika kama vile chini ya barafu kuna bahari ya chumvi. Hakuna aliyeyaona maji hayo kwa macho. Kwa hiyo chombo Europa Clipper kilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024, kikachunguze zaidi. Chatazamiwa kufika mwaka 2030.

Wala Afrika ya Mashariki haikuachwa nyuma. Darubini James Webb iliporushwa tarehe 25 Desemba 2021, kituo cha Malindi, Kenya, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea ishara zake. Mwaka 2022 darubini hiyo ilipiga picha za nuru zing'aazo katika ncha za Mshtarii, nuru zizaliwazo na sumaku ile ile.

Basi, enyi walimu wenzetu, wapeni wanafunzi daftari, waandike kila usiku mahali ilipo Mshtarii kati ya nyota. Na mwanafunzi akiandika jambo lisilopatana na kitabu, msilifute upesi. Pengine amekosea, naye atajifunza kwa kutazama tena. Pengine ameandika kelele ambayo bado haijapata mwenye kuisikiliza. Kwa herini.