Ujira wa Askari: Maisha ya Kambini katika Vita vya Marekani, 1861–1865

Wanahistoria wengi walioandika juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wamewafuata majemadari. Tumesoma habari za Grant na Lee hata tukadhani kwamba vita vile vilikuwa mashindano ya watu wawili wenye farasi. Askari wa kawaida aliviona kwa jicho jingine. Kwake yeye siku ya mapigano ilikuwa moja kati ya siku nyingi za gwaride, kuchanja kuni, kuteka maji, kukesha lindoni na kungoja barua ya nyumbani.

Chakula kikuu cha askari wa Kaskazini kilikuwa biskuti ya unga wa ngano na maji, iliyokaushwa hata ikawa ngumu kama kigae. Aliivunja kwa kitako cha bunduki au aliichovya katika kahawa ya moto. Nayo ikiwa na wadudu, kama ilivyokuwa mara nyingi, wadudu wale walielea juu, akawaengua, akaendelea kunywa. Pamoja nayo alipewa nyama ya nguruwe ya chumvi. Kahawa aliithamini kuliko vyote. Askari wa Kusini aliishi kwa unga wa mahindi na nyama kidogo, na kahawa aliikosa, maana manowari za Kaskazini zilizifunga bandari zake. Basi akakaanga viazi vitamu au njugu, akavisaga na kuvichemsha, akajidanganya. Lakini tumbaku alikuwa nayo tele. Katika baridi ya mwaka 1862 kuingia 1863, majeshi mawili yalipotazamana kuvuka mto Rappahannock huko Virginia, walinzi wa pande zote walitengeneza vijahazi vya mbao na kuvipeleka ng'ambo, kahawa ikienda huku na tumbaku ikija huku. Maofisa walikataza; vijahazi viliendelea kusafiri.

Aliyewaua zaidi hakuwa adui. Hesabu ya zamani ilitaja wafu 620,000 na zaidi, na uchunguzi wa miaka ya karibuni umeipandisha kufikia 700,000 au zaidi. Kati yao takriban theluthi mbili walikufa kwa maradhi. Vijana wa mashamba, ambao hawakuwahi kuishi katika umati, walipokusanywa kambini walishikwa na surua kwanza, kisha kuhara damu na homa ya matumbo. Choo kilichimbwa karibu na kisima, na hapakuwa na daktari aliyejua habari ya vijidudu.

Sasa tuje kwenye mshahara, ambao kwa maoni yangu ndio unaotueleza zaidi hali ya askari. Askari mweupe wa Kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi, na mara nyingi zilichelewa, huku mkewe akikopa dukani. Tangu mwaka 1863 watu weusi walianza kuandikwa kwa wingi, na hadi mwisho wa vita walikuwa karibu 180,000. Hawa walipangiwa dola 10, nazo zikakatwa 3 za mavazi, zikabaki 7. Risasi iliyowapiga haikukatwa kitu.

Rejimenti ya 54 ya Massachusetts ilikataa kupokea fedha hizo. Jimbo lao lilijitolea kuwajazia upungufu, wakakataa hilo pia, kwa kuwa walichodai hakikuwa fedha tu bali kuhesabiwa askari kama wengine. Walipigana bila mshahara kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na nyumbani watoto wao walilala njaa. Katika rejimenti ya 3 ya South Carolina, iliyokuwa ya watu waliotoka utumwani, sajini William Walker aliwaongoza wenzake mwezi Novemba 1863 kuziweka bunduki chini mbele ya hema la kamanda wao. Alihukumiwa kwa uasi, na tarehe 29 Februari 1864 akapigwa risasi.

Mwezi Juni mwaka ule Bunge lilisawazisha mishahara. Lakini malimbikizo ya tangu siku ya kuandikwa yalitolewa kwa wale tu waliokuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Kanali wa rejimenti ya 54, Edward Hallowell, alitunga kiapo ambacho hata aliyetoroka utumwani angeweza kukila bila ya uongo: kwamba siku ile hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumtumikisha bure. Wakaapa, wakalipwa. Wenzake Walker, ambao utumwa wao ulijulikana kwa kila mtu, sheria ile iliwapa malimbikizo kuanzia tarehe 1 Januari 1864 tu. Miezi ya mwaka 1863, ambayo kwa ajili yake waliziweka bunduki chini, haikuwamo.