Barua ya Remera Iliyopitia Angani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, barua pepe iliyotoka ofisi ya Nyarugenge kwenda Remera, safari ya dakika chache kwa pikipiki, iliweza kurushwa kwa setilaiti hadi Ulaya au Marekani ndipo irudi Kigali. Kila mtoa huduma wa intaneti alikuwa na mlango wake wa kutokea nje, na mjini hapakuwa na mahali walipokutana. Mwaka 2004 kikaanzishwa RINEX, kituo cha kubadilishana data. Ukiyavua majina makubwa, ni chumba ambamo washindani wa biashara huunganisha nyaya zao ili data ya hapa iishie hapa.

Tunapozungumzia kujinasua na kampuni kubwa za teknolojia, fikra hukimbilia kutengeneza kitu cha kwetu kinachofanana na chao. Kigali imelijaribu hilo pia: mwaka 2019 kilizinduliwa kiwanda cha Mara Phone, lakini simu zake ziliendeshwa na Android ya Google. Hatua zilizopunguza utegemezi kwa kweli zilikuwa za kimya, na hazikuwa na bidhaa ya kuonyesha jukwaani. Moja ni waya ule wa RINEX. Nyingine ni jina: kikoa cha .rw kiliendeshwa kutoka nje ya nchi tangu miaka ya 1990, hadi 2012 kilipokabidhiwa RICTA, chama cha wadau wa intaneti cha Kigali.

Atakuja mwenye hesabu aulize: ya nini kusumbuka, ilhali kupangisha seva ng'ambo ni rahisi? Ni rahisi kweli, kwa anayepanga. Utafiti wa Internet Society wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mwenye tovuti wa Rwanda aliyeiweka nje aliokoa dola 111 kwa mwaka, huku watoa huduma wakilipa dola 13,500 kuwarudishia Wanyarwanda kurasa hizo. Nchi haina bahari. Sehemu kubwa ya data itokayo nje hukodiwa njia hadi mikonga ya baharini ya Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo unafuu wa mmoja ulilipwa na wote, na hakuna aliyeuona kwenye risiti.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kurudisha vitu nyumbani ni kumbadilisha tu mwenye nyumba. Hili silipuuzi. Mwaka 2017 mdhibiti RURA aliitoza kampuni ya simu ya MTN faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa kuendeshea mifumo yake nje ya nchi, na sheria ya 2021 inataka data binafsi zihifadhiwe Rwanda isipokuwa kwa kibali. Nayo 4G ilizinduliwa mwaka 2014 mikononi mwa muuzaji mmoja wa jumla, ubia wa serikali na KT ya Korea Kusini. MTN iliwasha ya kwake mwaka 2023 tu. Ukiritimba ni ukiritimba, hata uwe na anwani ya Kigali. RINEX ilikuwa na tabia nyingine: washindani walikutana bila yeyote kummeza mwenzake, wala mteja hakulazimishwa kuhama.

Hata hivyo waya una mipaka yake. Leo Nyarugenge na Remera huandikiana kwa WhatsApp, na ujumbe huo, kama barua ile ya zamani, hupitia kwanza mitambo ya kampuni iliyo mbali.