Tuta Katika Barabara Kuu

Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi Barabara Kuu ya Thika tarehe 9 Novemba 2012, nilikuwa na umri wa miaka 12. Sherehe tuliitazama kwenye runinga ya jirani. Siku chache baadaye mama alinishika mkono tukaenda sokoni, ng'ambo ya pili. Tulisimama kando ya lami karibu robo saa. Hatimaye mama akasema, "Turudi nyumbani, tutakula sukuma ya jana."

Barabara hiyo ni ya zamani. Wazee wanakumbuka ikiitwa Fort Hall Road, kwa jina la kikoloni la Murang'a. Kabla ya ujenzi kuanza mwaka 2009 ilikuwa na njia nne, na msongamano wake ulikuwa maarufu. Lakini msongamano huo ulimfaa mtu wa miguu. Mizunguko kama ya Pangani na Muthaiga iliyalazimisha magari kupunguza mwendo, nasi tulivuka kwa awamu mbili, tukipumua katikati. Hakuna aliyeviita vivuko, ila vilikuwepo.

Kisha zikaja kampuni tatu za Kichina, pamoja na fedha za serikali, za Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkopo kutoka China. Takriban kilomita 50 zilijengwa upya, sehemu kubwa ikiwa na njia nane. Flaiova zikachukua nafasi ya mizunguko. Gari likapata kasi, na mtu wa miguu akapoteza zile nafasi ndogo alizokuwa akizitegemea. Baadhi ya madaraja ya kuvukia yalikamilika magari yakiwa yameshazoea kupita kwa kasi.

Mtaani kwetu wakazi waliandika barua. Nimeiona nakala yake: karatasi mbili za daftari, saini, alama za vidole gumba, na ombi moja tu, mahali pa kuvukia. Ilipelekwa katika ofisi fulani, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halikuja. Mtoto wa shule alipogongwa, hakuna aliyetafuta kalamu tena. Watu walipanga mawe barabarani, wakachoma matairi, na magari yakasimama hadi alasiri. Wiki chache baadaye tukajengewa tuta.

Matuta ya aina hiyo yalitokea sehemu kadhaa za barabara hiyo, na Wakenya wengi waliyacheka: barabara kuu gani hii yenye matuta? Wahandisi nao walikuwa na hoja. Dereva anayekuja kwa kasi usiku akilikuta tuta ghafla, yeye mwenyewe yumo hatarini. Lakini kila nikilipita naliona kama waraka. Katika masomo ya uzamili tunafundishwa kutafuta sauti ya mwananchi wa kawaida kwenye nyaraka za serikali. Barua yetu sijui kama bado iko kwenye faili lolote. Jibu la mawe yetu lilimwagwa kwa lami, na kila dereva alilisoma kwa breki.

Madaraja yalipokuja, lawama zikahama. Mtu akivuka chini ya daraja hukamatwa na kuitwa mkaidi. Ni kweli wapo wanaokaidi. Ila daraja likiwa mbali na steji, giza likiingia na vibaka wakiwa juu, kuna hesabu ambayo mtu huifanya kabla ya kuamua. Hadi leo watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa katika barabara za Kenya kila mwaka.

Mama sasa anaumwa goti. Daraja letu liko umbali wa dakika kumi, na bado analifuata, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine begani mwangu. Jumamosi iliyopita alisimama katikati ya ngazi apumzike. Magari yakapita chini yetu. Akauliza, "Hivi ile barua, nani aliibeba kuipeleka?"

Nilimwambia nitaulizia.