Maswali matano ya kupima utafiti wa afya

MATOKEO ya utafiti wa afya hutangazwa karibu kila wiki, na aghalabu msomaji huachwa njia panda: leo kitu kinatibu, kesho kinadhuru. Hata hivyo, mtu asiye daktari anaweza kuupima utafiti kwa maswali machache. Mfano mzuri unapatikana mjini Eldoret.

Saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, huwaathiri watu wengi magharibi mwa Kenya. Kati ya 2013 na 2018, watafiti katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi waliwahoji wagonjwa 430 wa saratani hiyo pamoja na watu 440 wasiokuwa nayo. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba uwezekano wa kuugua kwa waliozoea vinywaji vya moto sana, hasa chai, ulikuwa takriban mara 3.7 ya ule wa wanywaji wa vinywaji vya uvuguvugu.

Swali la kwanza: nani alilinganishwa na nani? Huko Eldoret kulikuwa na kundi la kulinganisha. Dawa ya Kemron, iliyotangazwa kwa shangwe nchini Kenya mwaka 1990 kuwa tiba ya Ukimwi, haikuwa na kundi kama hilo. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda lililoilinganisha na dawa bandia, hayakuona manufaa yake.

Pili: je, kuna sababu nyingine? Huenda anayependa chai ya moto sana pia anavuta sigara au kunywa pombe. Watafiti wa Eldoret walizingatia tumbaku, pombe, umri na hali ya maisha katika hesabu zao.

Tatu: habari zilipatikanaje? Hapa pana udhaifu. Wahusika walieleza wenyewe jinsi walivyokunywa chai, na mgonjwa huenda akakumbuka mazoea yake tofauti na mtu mzima wa afya.

Nne: tarakimu zina uzito gani? Makadirio ya 3.7 yalikuwa na mipaka ya 2.1 na 6.5; hivyo ukubwa kamili wa hatari haujulikani, ingawa hata mpaka wa chini unaonyesha ongezeko. Isitoshe, kuongezeka kwa hatari mara kadhaa si kusema kwamba wanywaji wengi wataugua.

Tano: tafiti nyingine zasemaje? Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani. Lililolaumiwa ni joto, wala si chai yenyewe.

Baada ya maswali hayo, msomaji apime gharama ya kukosea. Kusubiri chai ipoe dakika chache hakumgharimu mtu chochote, hivyo ushahidi usio kamili unatosha kumfanya achukue tahadhari. Lakini anayeshauriwa kuacha dawa alizoandikiwa hospitalini ili atumie tiba mpya anahatarisha uhai wake. Huyo anapaswa kudai ushahidi mzito zaidi: majaribio yenye kundi la kulinganisha, yaliyorudiwa na watafiti wengine, na ushauri wa daktari wake.